Ringi ya Kiunoni: Tumpime Anayeanza Kabla ya Kununua

Somo letu la robo hii linahusu kitu ambacho wengi mnakijua kama mchezo wa watoto. Ni ile ringi ya plastiki inayozungushwa kiunoni, ambayo wauzaji huiita hula hupu. Huenda mtajiuliza imeingiaje katika jarida la maendeleo. Imeingia kwa sababu ya kosa tulilolifanya sisi wenyewe, na kosa hilo lina funzo kwa kamati za parokia na kwa wafadhili.

Ilivyotokea

Katika parokia mojawapo tunayofanya nayo kazi kuna kikundi cha akina mama wenye kisukari na shinikizo la damu. Hukutana Jumamosi mchana. Hupimwa, hupata mafundisho ya lishe, kisha hufanya mazoezi. Wengi wao wamepita miaka 45. Wakati wa masika njia huwa matope matupu na hawawezi kutembea, kwa hiyo waliomba zoezi linaloweza kufanyika ndani ya ukumbi. Mfadhili mmoja alisikia ombi hilo, akatuma boksi la ringi 30, nzuri, za rangi mbalimbali.

Jumamosi ya kwanza ukumbi ulijaa vicheko. Ringi zilianguka miguuni kabla ya kuzunguka hata mara mbili. Jumamosi ya pili vicheko vilipungua. Jumamosi ya nne walikuja akina mama wanne tu, na ringi zilibaki zimetundikwa ukutani. Katika taarifa yetu kwa mfadhili tuliandika kwamba "mwamko wa walengwa bado ni mdogo". Leo tunakiri kwamba maneno hayo hayakuwa ya kweli.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja fundi cherehani. Alichukua ringi, akaisimamisha chini pembeni yake. Ikamfikia pajani. "Mwanangu," alimwambia mratibu wetu, "mimi gauni silikati kabla sijampima mtu. Hii mlimpima nani?"

Hatukuwa na jibu. Ringi zile zilikuwa za watoto.

Kwa nini ringi ndogo huanguka?

Watu wengi hudhani kwamba mtu mnene huhitaji ringi ndogo imbane, au kwamba ringi nyepesi ni rahisi zaidi. Ukweli ni kinyume chake. Ringi hubaki juu kwa sababu kiuno huisukuma kila inapozunguka. Ringi ndogo huzunguka haraka, kwa hiyo kiuno nacho lazima kisukume haraka. Anayeanza hawezi kuifuata mbio hiyo. Ringi kubwa huzunguka polepole, na humpa mtu nafasi ya kuisikia inapopita na kuisukuma tena.

Uzito nao una kazi yake. Ringi nyepesi mno haisikiki mwilini, na hupoteza mwendo upesi. Ringi nzito mno huumiza mbavu na nyonga. Anayeanza anahitaji iliyo katikati.

Ringi nyingi za madukani ni ndogo na nyepesi kwa sababu ya historia yake. Mwaka 1958 kampuni ya Wham-O ya California, Marekani, ilianza kuuza ringi za plastiki kama mchezo wa watoto, na zikaenea kwa haraka sana. Hata leo, ringi ya bei nafuu dukani mara nyingi imetengenezwa kwa kipimo cha mtoto.

Vipimo vitatu vya kuangalia

*1. Upana wa duara.* Simamisha ringi chini, mbele yako. Kwa mtu mzima anayeanza, ukingo wa juu ufike kati ya kitovu na kifua. Kwa wengi hiyo ni ringi yenye upana wa sentimita 100 hadi 105 kutoka ukingo hadi ukingo. Mtu mrefu au mwenye kiuno kipana achukue sentimita 110 au 115. Mtu akishazoea anaweza kushuka hadi sentimita 90 au 95, maana ringi ndogo humtaka afanye kazi zaidi.

*2. Uzito.* Nusu kilo hadi kilo moja inatosha kwa anayeanza. Ringi za kilo moja na nusu au zaidi ni za waliokwisha kuzoea. Mtu asifikiri kwamba nzito zaidi italeta nafuu ya haraka. Itamletea alama za kuvilia damu, na wiki inayofuata hatarudi.

*3. Ngozi ya ringi.* Plastiki laini tupu huteleza, hasa juu ya nguo ya hariri au satini. Ringi iliyozungushiwa kitambaa au mpira hushika vizuri. Zile zenye vinundu vikubwa ndani, zinazouzwa kwa madai ya kukanda tumbo, hazimfai anayeanza kwa sababu huumiza.

Jinsi ya kutengeneza wenyewe

Kikundi chetu kilipata jibu karibu. Mradi wa maji wa parokia ulikuwa na mabaki ya bomba jeusi la plastiki, lile linalouzwa kwa roli na linalokunjika. Bomba la milimita 25 linafaa sana. Ringi moja ya mtu mzima hufikia karibu nusu kilo.

1. Mpime mtu kutoka chini hadi kati ya kitovu na kifua. Huo ndio upana wa ringi yake.
2. Zidisha upana huo kwa 3.14 upate urefu wa bomba. Ringi ya sentimita 100 huhitaji sentimita 314, ya 105 huhitaji 330, na ya 110 huhitaji 345.
3. Kata bomba kwa msumeno na ulainishe ncha zake.
4. Tumbukiza ncha katika maji ya moto sana kwa muda mfupi zilainike. Ingiza kiungio cha plastiki kinachoenea ndani ya bomba, au kipande cha mti mkavu cha sentimita 10 kilichochongwa vizuri. Bomba likipoa litabana.
5. Vuta kwa nguvu kuhakikisha haiachii. Msitumie misumari wala skrubu zinazotokeza nje.
6. Zungushia vipande vya khanga kuukuu kwa gundi, au utepe wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Hiyo huongeza uzito kidogo na kuzuia kuteleza.

Msijaze mchanga wala mawe ndani. Kiungio kikiachia wakati ringi inazunguka, kinaweza kumjeruhi jirani.

Siku ya kwanza ya mazoezi

Vaeni fulana ya pamba na suruali ya mazoezi. Anayependa kujifunga khanga afunge fundo juu ya kifua, maana fundo la kiunoni husimamisha ringi. Kila mmoja awe mbali na mwenzake kwa zaidi ya hatua mbili.

Weka mguu mmoja mbele kidogo. Gusisha ringi mgongoni, usawa wa kiuno, kisha irushe kwa mikono miwili izunguke ikiwa imelala sawa. Halafu hamisha uzito wa mwili mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayepepeta. Ikianza kushuka, ongeza kasi kidogo. Ikianguka, iokote, kuinama huko nako ni zoezi.

Hapa tuseme jambo lililotusumbua. Baadhi ya wazee wa parokia hawakupenda kusikia akina mama wanafundishwa kukata viuno ndani ya ukumbi wa kanisa. Hatukubishana nao. Tuliwakaribisha waje kuona. Waliona kwamba kiuno hakikatwi kabisa. Mwili unasukumwa mbele na nyuma tu, na ringi ndiyo inayozunguka. Mzee mmoja aliomba kujaribu. Ilimwanguka mara sita, na tangu siku hiyo pingamizi limekwisha.

Tutarajie nini?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Ringi inaweza kuwa sehemu ya dakika hizo. Anzeni na dakika 3 hadi 5, mkizungusha upande wa kulia na wa kushoto, kisha mwongeze taratibu.

Mwaka 2019 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya kulinganisha ringi na kutembea kwa watu wenye uzito uliozidi. Waliozungusha ringi ya kilo 1.5, wastani wa dakika 13 kwa siku kwa wiki 6, walipungua kiuno kama sentimita 3, kuliko walipotembea. Lakini kutembea ndiko kulikoshusha shinikizo la damu. Kwa hiyo ringi isichukue nafasi ya kutembea. Masika yakiisha, rudini njiani.

Wafuatao waonane kwanza na mhudumu wa afya: wajawazito na waliojifungua karibuni, wenye maumivu ya mgongo, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, wenye ngiri, na wenye shinikizo lisilotulia. Mwenye kisukari asiache dawa kwa sababu ya mazoezi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari awe na kitu cha sukari karibu, na akitetemeka au kutokwa na jasho jembamba apumzike na kukitumia mara moja.

Kwa kamati na wafadhili

Zile ringi 30 hazikupotea. Zilipelekwa kwa watoto wa chekechea, na huko zimetoshana kabisa. Akina mama sasa wana ringi walizozikata wenyewe, kila moja ikiwa na jina la mwenyewe kwenye kiungio. Ukumbi umejaa tena.

Mfadhili tulimwandikia upya, tukamweleza kwamba mwamko haukuwa mdogo, bali ringi ndizo zilizokuwa ndogo. Alitushukuru, akauliza swali moja: kwa nini hatukumtumia vipimo tangu mwanzo? Swali ni la haki. Yeye alitoa kwa moyo mwema. Sisi tuliokuwa karibu na akina mama ndio tuliopaswa kuwapima.

Tunaomba kila kamati, kabla ya kuandika kwamba watu hawana mwamko, ikakague kwanza kifaa walichopewa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika parokia yetu, kuna msaada uliowekwa stoo bila kutumika? Je, tatizo ni watu au ni kipimo?
- Nani katika kikundi chetu ana ufundi ambao hatujawahi kumwomba ushauri?
- Ni vifaa gani vya mazoezi tunaweza kutengeneza kwa mabaki tuliyonayo?
- Kabla ya kupeleka ombi lijalo kwa mfadhili, tutawauliza walengwa maswali gani?