MIZANI ZA KUPIMIA TENDO
Somo kwa wenye vyombo na wenye kupanda vyombo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: kila mwenye akili hujua kwamba kuna wema na kuna ubaya, na katika hayo watu hawakuhitilafiana sana. Walipohitilafiana ni katika mizani, yaani kwa sababu gani tendo hili huitwa jema na lile huitwa baya, na mtu afanye nini pindi mema mawili yakigongana mbele yake naye hana nafasi ila ya moja. Ilmu ichunguzayo jambo hili wanachuoni wa Kiislamu waliiita ilmu ya akhlaki, na Wayunani kabla yao waliiweka katika milango ya falsafa. Wala si ilmu ya wakaao madrasani peke yao. Nahodha aihitaji, na mpokea nauli aihitaji, na abiria kadhalika, kama itakavyobainika.

MAS'ALA YENYEWE

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake hushuka hata karibu na mita 1,470; hapana ziwa katika Afrika lenye kina kama hicho. Katika ufuko wake wa mashariki upo Ujiji, mji wa Waislamu tangu zama za misafara, na jirani yake ni Kigoma, ambako reli ilifika mwaka wa 1914. Karibu na mji wa Kigoma kuna bandari ndogo ya Kibirizi, na hapo huondoka maboti ya mbao kwenda vijiji vya kandokando ya ziwa.

Ichukuliwe mfano. Boti moja yajiandaa kuondoka. Kadiri yake ni watu 40 na mizigo yao ya mkononi. Waliokwisha kukaa ni 40, na chini yao yamepangwa magunia ya dagaa na madumu ya mawese. Ufukweni wamesimama watu 12 wengine, nauli i mikononi mwao, na miongoni mwao yumo mwanamke aliyembeba mtoto mgonjwa. Upepo wa kusi umeanza kuvuma. Nahodha anao uwezo wa kusema ndiyo, na anao uwezo wa kusema la. Je, afanye lipi, na kwa hoja gani?

Mfano huu ni wa kufundishia, walakini msiba wake si wa kubuni. Mwezi wa Desemba 2014 chombo kiitwacho Mutambala, kilichotoka Kalemie upande wa Kongo wa ziwa hili hili, kilizama, na watu zaidi ya 100 wakafa. Wakubwa wa huko walitaja uzito uliopita kiasi pamoja na upepo mkali. Na watu wa visiwani hawajausahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, pale meli ya Spice Islander ilipozama baina ya Unguja na Pemba, nayo imechukua watu wengi kupita kadiri yake.

MIZANI YA KWANZA: MATOKEO

Wako wasemao kwamba tendo hupimwa kwa lile liletalo. Mashuhuri wao ni Waingereza wawili, Jeremy Bentham aliyekufa mwaka wa 1832, na John Stuart Mill aliyetoa kitabu chake katika jambo hili mwaka wa 1863. Kauli yao kwa mukhtasari ni kwamba lililo bora ni lile lenye kuleta raha nyingi na taabu chache kwa wote wanaoguswa na tendo, wala raha ya tajiri isihesabiwe zaidi ya raha ya maskini.

Mizani hii ina faida kubwa, kwani humlazimisha mtu kutazama mbele. Wale 12 wakipanda, hatari haiwi yao peke yao, bali ni ya wote 52, na ya watoto waliowaacha nyumbani. Ikiwekwa nauli ya watu 12 katika kitanga kimoja, na roho 52 katika kitanga cha pili, hata asiyejua hesabu ataona kipi kilicho kizito.

Lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza, mwanadamu hajui mwisho wa mambo. Nahodha aliyezidisha mzigo mara 20 akafika salama hudhani kwamba hesabu yake ni sahihi, kumbe ni ziwa tu lililomwachia. Ya pili, mwenye kuhesabu huwa mwepesi wa kumtoa mmoja kwa ajili ya wengi, au kuwaacha nje ya hesabu wale asiowajali. Ujiji yenyewe ni shahidi. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa soko la pembe na la watumwa, na wafanya biashara wakipiga hesabu ya faida na hasara kwa uangalifu mwingi. Walakini aliyefungwa mnyororo alihesabiwa katika mali, hakuhesabiwa katika watu. Hesabu ilikuwa sawa. Dhuluma ilikuwa katika kuchagua nani ahesabiwe.

MIZANI YA PILI: WAJIBU

Mjerumani Immanuel Kant, aliyezaliwa mwaka wa 1724 akafa mwaka wa 1804, alikataa kwamba wema wa tendo hutoka katika matokeo yake. Alisema mtu na ajiulize kwanza kama kanuni ya tendo lake yaweza kuwa sharia ya watu wote. Kisha asimfanye mwanadamu yeyote kuwa chombo tu cha kupatia haja yake, kwani kila mwanadamu ana heshima isiyo na bei.

Nahodha asemaye, "Leo tu nitazidisha," na aipime kauli hiyo. Je, aridhia manahodha wote waseme hivyo, hata yule atakayewachukua wanawe? Ikiwa haridhii, basi amejipa ruhusa ambayo awanyima wenziwe. Na abiria aliyelipa nauli amepewa ahadi ya kufikishwa. Kumficha hatari ili asishuke ni kumgeuza yeye kuwa chombo, naye ndiye aliyepanda chombo.

Kasoro ya mizani hii hudhihiri pindi faradhi mbili zikikutana. Nahodha ana faradhi ya kuwalinda wale 40, na kumsaidia mtoto mgonjwa nako ni faradhi. Kanuni peke yake haimwambii ipi itangulie.

MIZANI YA TATU: TABIA

Aristotle, Myunani aliyekufa mwaka wa 322 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, hakuanza kwa kuuliza ni tendo gani lililo jema, bali ni mtu gani aliye mwema. Alisema kwamba sifa njema hukaa kati ya mbili mbaya: ushujaa ni kati ya woga na kujitupa hatarini, na ukarimu ni kati ya ubahili na israfu. Nayo hupatikana kwa mazoea, kama mtu ajifunzavyo usukani kwa kuushika. Miskawayh, aliyekufa mwaka wa 1030, aliisimamisha ilmu hiyo kwa Kiarabu katika kitabu chake Tahdhib al-Akhlaq. Na Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka wa 1111, alizitaja sifa nne zilizo mama wa nyingine: hekima, ushujaa, kujizuia na matamanio, na uadilifu.

Basi nahodha mwoga haondoki kabisa, na mwenye kujitupa huondoka kwa hali yoyote. Shujaa ni yule awezaye kumwambia tajiri wa chombo, "Magunia yashuke," hali watu wanamcheka.

Walakini tabia njema bila ya ujuzi haitoshi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Ikabaki ikielea, chini imekuwa juu, na ndani yake wakasikiwa watu wakigonga. Waliokuja kuokoa wakaitoboa ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, na meli ikazama. Hapana awezaye kuitia ila nia yao. Nia njema humwondolea mtu lawama, lakini haishikilii chombo juu ya maji.

WANACHUONI NA CHOMBO KIZAMACHO

Imamu Ghazali, katika kitabu chake al-Mustasfa, alieleza kwamba maslahi yatakiwayo na sharia ni kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Kisha akaleta mas'ala ya watu walio chomboni: wakimtosa mmoja wao wataokoka, na wasipomtosa watazama wote. Je, yafaa wapige kura wamtose? Akajibu kwamba haifai. Waliomo chomboni ni watu wenye idadi, si umma mzima, na yule mmoja hana kosa. Mwenye kupima kwa matokeo peke yake angesema atoswe, na hapa ndipo tofauti ya mizani huonekana wazi. Wala kisa cha Nabii Yunus, aliyeangukiwa na kura chomboni, hakichukuliwi kuwa ruhusa. Al-Qurtubi katika tafsiri yake amebainisha kwamba hilo lilikuwa lake yeye.

Mali ina hukumu nyingine. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kijulikanacho sana kwa Mashafii wa pwani, imeelezwa kwamba chombo kikikaribia kughariki yafaa kuitosa shehena, na huwa wajibu ikiwa yatarajiwa kwa hilo abiria waokoke. Atosaye mali ya mwenziwe bila ya idhini yake hudhamini. Basi izingatiwe tartibu hii: mali hutoswa kwa ajili ya roho, roho haitoswi kwa ajili ya roho, na haki ya mwenye mali haipotei hata katika dhoruba.

YALIYOKUWA KAGUNGA

Mwaka wa 2015, baada ya machafuko yaliyozuka Burundi mwezi wa Aprili, makumi elfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi karibu na mpaka, chenye milima nyuma na ziwa mbele. Mwezi wa Mei kipindupindu kikaingia, na watu wapatao 30 wakafa. Njia ya kutoka ilikuwa ni maji. Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka wa 1913, ikazamishwa mwaka wa 1916 na kuibuliwa mwaka wa 1924, ikawa inawachukua watu wapatao 600 kwa safari moja hata Kigoma.

Mahali kama hapo swali ni moja: nani atangulie? Na mwanafunzi wa ilmu hii asilichanganye na swali la kumtosa mtu. Aliyeachwa kungoja safari ya pili hakuuawa. Amecheleweshwa haki yake kwa dharura. Izzuddin bin Abdissalam, Mshafii aliyekufa mwaka wa 1262, aliandika kitabu juu ya kupima maslahi na mafisadi, na njia yake ni kwamba maslahi yote yakiwezekana kupatikana yapatikane yote, na yasipowezekana litangulizwe lililo kubwa. Kwa mizani hiyo wanyonge hutangulia wenye nguvu, na mgonjwa hutengwa na kutibiwa ili asiwaambukize wenziwe, wala haachwi. Kwa mizani ya wajibu nafasi haiuzwi, wala haipewi jamaa wa mwenye amri. Na wenye haki sawa hapo waweza kupigiwa kura. Kura iliyo haramu katika kumwaga damu huwa ni uadilifu katika kugawa zamu.

TARTIBU YA KUAMUA

Kwa hayo yote yapatikana maswali matano, nayo yaulizwe kwa tartibu.

La kwanza: hali ni ipi hasa? Kadiri ya chombo, uzito wa mzigo, na upepo hujulikana kwa kuuliza na kupima, si kwa kudhani.
La pili: ni haki ya nani isiyojuzu kuvunjwa, hata kwa faida ya wengi?
La tatu: katika njia zilizobaki halali, ni ipi yenye madhara madogo na manufaa makubwa kwa wote, pamoja na wasiokuwapo?
La nne: kama nauli isingalikuwapo, nahodha angaliamua vile vile? Jawabu la swali hili humfunulia mtu nafsi yake.
La tano: je, saa ya kuamua ni sasa, au inaachwa ipite?

Sasa irudiwe boti ya Kibirizi. Kwa swali la kwanza yaonekana kwamba chombo kilikwisha kuzidiwa kabla ya wale 12 kufika, kwani watu ni 40 na juu ya hao iko shehena. Basi magunia na madumu yashuke, na wenyewe waarifiwe, yangojee safari nyingine. Wale 12 wasipande. Ama yule mwanamke na mtoto wake, nahodha hana ruhusa ya kumshusha kwa nguvu mtu aliyelipa, lakini anao ulimi wa kuomba: ni nani atakayempa nafasi yake, naye arudishiwe nauli yake kamili? Akipatikana mmoja, mtoto amepata safari, wale 40 wamebaki katika amani, na hapana aliyedhulumiwa. Na upepo ukizidi, hapana aondokaye.

Wala abiria asidhani kwamba somo hili si lake. Imepokewa kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, mfano wa watu waliogawana chombo, wa juu na wa chini, na wale wa chini wakataka kutoboa upande wao ili wapate maji. Wenziwe wakiwaacha huangamia wote, na wakiwazuia huokoka wote. Akaaye kimya juu ya chombo kilichozidiwa, kwa kuwa yeye amepata nafasi, naye ameshika kipande cha toboo lile.

Swali la nani atoswe halina jawabu tamu, na wanachuoni walilijibu kwa kufunga mlango wa damu. Lakini swali hilo halizaliwi katikati ya ziwa. Aghalabu huzaliwa ufukweni, jua likiwaka na maji yametulia, wakati ambapo kulijibu ni kwa neno moja: "Chombo kimejaa." Mwenye kulisema neno hilo akapoteza nauli 12 huenda asisifiwe na mtu, kwani watu hawamshukuru mtu kwa msiba usiotokea. Tahadhari kabla ya athari. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.