Mwendo wa Damu Katika Mishipa

Kigongo ni kijiji cha pwani ya Ghuba ya Mwanza, nacho chakabiliana na Busisi. Zamani watu walivuka hapo kwa pantoni. Tangu tarehe 19 Juni 2025 huvuka kwa daraja lenye urefu wa kilometa 3 hivi. Mtu asimamaye pwani ataona kwamba magugumaji hayatulii mahali yasukumwapo na mawimbi. Hukusanyika katika hori zilizotulia, yakashikamana hata mtumbwi usiweze kupenya. Damu ya mwanadamu nayo ina tabia iliyo karibu na hiyo.

Damu si maji. Imejaa chembe nyekundu, nazo ni nyingi ajabu: tone dogo lenye milimeta 1 kila upande lina chembe kama milioni 4 au 5. Kwa hiyo hutiririka kwa uzito kuliko maji. Mtoto apendaye kujua na achukue bua la jani la mpapai, avute maji, kisha avute uji. Mashavu yake yatamwambia tofauti. Ndivyo moyo utaabikavyo damu iwapo nzito. Tena uji ukikorogwa hulainika, ukiachwa huwa mzito. Damu vivyo hivyo: iendapo upesi, chembe hutengana, hujipinda na kupita katika mishipa myembamba kuliko zenyewe, iendapo polepole, hupangana kama sarafu zilizowekwa moja juu ya moja.

Kwa watu wengi wenye ugonjwa wa moyo na mishipa, chembe hushikamana upesi zaidi, wala hazijipindi vema. Na mshipa wenyewe huenda umesongwa na mafuta yaliyogandamana ukutani mwake. Hapo hesabu ni kali: upana wa mshipa ukipungua nusu, na msukumo ukiwa ule ule, damu ipitayo haibaki nusu, bali sehemu 1 tu katika 16.

Lakini uko ugonjwa wa moyo uanzao utotoni. Mtoto huumwa koo, akaonekana kupona. Baada ya majuma mawili au matatu hushikwa na homa, na viungo humvimba. Hiyo ni homa ya baridi yabisi, nayo huweza kuharibu milango midogo ya moyo. Mlango ukikakamaa usifunguke sawasawa, damu hujaa nyuma yake, ikatulia kama maji ya hori, ikafanya donge. Donge likichomoka laweza kufika ubongoni na kuziba mshipa; ndipo mtu, hata akiwa kijana, hupooza upande mmoja kwa ghafula. Si kila koo liumalo lina hatari hiyo, lakini mtoto hawezi kupambanua mwenyewe. Daktari ndiye apimaye, na ikipasa hutoa penisilini kabla moyo haujadhurika.

Mgonjwa wa namna hii huweza kupelekwa hospitali ya Bugando, iliyo kilimani mjini Mwanza. Wengi huambiwa wanywe dawa ambayo watu huiita ya kulainisha damu. Jina hilo hupoteza. Dawa haiifanyi damu kuwa nyepesi kama maji. Huichelewesha tu isigande. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupimwa mara kwa mara, kwani dawa ikizidi, jeraha dogo hutoka damu isikome. Ikipungua, donge hurudi.