Roboti Ina Milango Mitatu: Wewe Uingie Upi?



Ndugu zangu wanafunzi, mwezi uliopita mdogo wangu wa kike, aliyemaliza kidato cha sita kwa fizikia, kemia na hisabati, alinipigia simu usiku. "Kaka, fomu ya chuo inafungwa Ijumaa. Nataka kutengeneza roboti. Nijaze uhandisi gani?"

Nilinyamaza kidogo. Miaka minne iliyopita swali hilo hilo lilikuwa langu, nikalijibu bila kufikiri, na aliyelipia ada ni baba mdogo, kwa kuuza ng'ombe wake wawili. Nilichagua uhandisi wa kompyuta kwa sababu niliambiwa kwamba roboti ni kompyuta yenye miguu. Kozi yenyewe si mbaya, naipenda mpaka leo. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nikishajua programu, mengine yote yatajipanga yenyewe.

Mkono ulioshindwa na sukari

Katika mradi wa mwaka wa mwisho, mimi na wenzangu tuliamua kuunda mkono wa roboti wa kupanga vifurushi. Programu niliandika mimi. Kwenye skrini mkono ulikwenda vizuri sana. Tulipoupa kifurushi cha sukari cha nusu kilo, ulitetemeka, ukashuka, na bodi ikajizima na kujiwasha upya. Wiki mbili nilikagua programu mstari kwa mstari, nikitafuta kosa ambalo halikuwamo.

Waliotuokoa ni wenzetu wawili tunaoswali nao msikiti wa chuo. Wa kwanza anasoma umeme. Alipima volteji akatuonyesha kwamba mota ikizidiwa huvuta mkondo mkubwa wa umeme, volteji inaanguka, na bodi inayotumia betri ile ile inazimika. Akaipa mota betri yake peke yake, akaunganisha pande hasi za betri zote mbili, bodi ikatulia.

Wa pili anasoma mitambo. Yeye alichukua kalamu. Nusu kilo huvuta chini kwa nguvu ya karibu nyutoni 5. Kwenye ncha ya mkono wa sentimita 30, hapo panahitajika nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 1.5, bila kuhesabu uzito wa mkono wenyewe. Mota yetu ilikuwa na uwezo wa nyutoni-mita 1 tu. Tukaufupisha mkono hadi sentimita 15, hitaji likapungua kwa nusu, na sukari ikapanda. Katika programu yangu tulibadilisha namba moja tu, urefu wa mkono.

Mwili, nguvu na akili

Siku hiyo nilielewa kwamba roboti yoyote ina mambo matatu: mwili, nguvu na akili. Tazama jirani zetu wa Kongo. Tangu 2013, kwenye njia panda za Kinshasa zimesimamishwa roboti za kuongoza magari, zilizoundwa na kundi la Wakongo likiongozwa na mhandisi Thérèse Izay. Mwili wake ni wa alumini, nguvu zinatoka kwenye paneli za jua, na ndani yake kuna kamera na mfumo wa kuendesha taa na mikono. Ondoa kimoja kati ya hivyo, unabaki na sanamu barabarani.

Wanazuoni wetu wa zamani waliyajua haya. Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206 huko Diyarbakir, katika Uturuki ya leo, alieleza humo mitambo ya kumimina maji ya udhu. Iliendeshwa kwa maji, ikadhibitiwa kwa maboya na vali. Yeye alikuwa fundi wa vyote vitatu. Tangu wakati huo elimu imepanuka, na vyuo vimeigawa katika idara mbalimbali.

Milango yenyewe

Uhandisi wa mitambo ni mlango wa mwili: gia, viungo, uzito, vifaa, na jinsi kitu kinavyotembea bila kuvunjika. Unamfaa anayependa karakana na michoro.

Uhandisi wa umeme ni mlango wa nguvu na mishipa ya fahamu: mota, betri, saketi, vihisi. Mara nyingi ndani yake hufundishwa pia nadharia ya udhibiti, yaani namna mashine inavyojipima na kujirekebisha yenyewe.

Uhandisi wa kompyuta ni mlango wa akili: programu, utambuzi wa picha, akili mnemba. Unamfaa anayeweza kukaa na tatizo moja mpaka usiku wa manane.

Mekatroniki huchanganya yote matatu. Hapo Kenya, JKUAT na Dedan Kimathi wanaifundisha. Ni njia nzuri, ila ina tahadhari yake: usipochagua pa kuzama, utahitimu ukijua kidogo cha kila kitu.

Kabla ya kujaza fomu

Tuambiane ukweli. Matangazo ya kazi yenye neno "roboti" bado ni machache katika nchi zetu. Zipo dalili njema, kama droni zinazopeleka damu hospitalini Rwanda tangu 2016, lakini kazi yako ya kwanza huenda ikawa kwenye kiwanda cha sukari au soda, kwenye kampuni ya simu, au kutunza mashine za hospitali. Kwa hiyo jiulize maswali manne.

Kwanza, roboti ikiharibika, mkono wako unakimbilia wapi: bisibisi, kipima umeme, au kibodi?

Pili, kama kazi ya roboti itachelewa miaka mitano, shahada hii itakulisha wewe na waliokusomesha?

Tatu, chuo hicho kina karakana inayofanya kazi? Nenda ukaione, uwaulize wanafunzi wa mwaka wa tatu wamewahi kushika nini kwa mikono yao.

Nne, hisabati yako ikoje? Matriksi na kalkulasi zitakukuta katika milango yote.

Ukishaingia, usijifungie ndani. Kila muhula jifunze kitu kimoja cha jirani: wa kompyuta ajue kuunganisha saketi, wa mitambo aandike programu, wa umeme ashike tupa. Na tafuta wenzako wa idara nyingine mapema. Mimi niliswali safu moja na wale ndugu wawili kwa miaka mitatu bila kuwauliza wanasoma nini.

Mdogo wangu nilimsomea maswali hayo kwenye simu. La kwanza alilijibu kabla sijamaliza: tangu akiwa mdogo yeye ndiye aliyefungua redio ya baba ilipokuwa ikikwama. Nikamwambia ashauriane na wazazi na aswali istikhara. Alhamisi alijaza uhandisi wa umeme. Baba mdogo amesema safari hii atauza ng'ombe mmoja, wa pili tutauchangia sisi wenyewe. Na mimi nimo katika huo mchango.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.