Neno "Ukingo": Maana Zake, Asili Yake na Jinsi ya Kulifundisha

Walimu wengi hufundisha msamiati kwa kutaja kisawe kimoja cha neno na kuendelea mbele. Njia hiyo huokoa muda, lakini mwanafunzi hukwama anapolikuta neno lile lile katika muktadha mwingine. Katika somo hili tutachunguza neno moja, ukingo, ili tuone jinsi maana nyingi zinavyoweza kuchipuka katika shina moja.

1. Maana

Tuzitazame sentensi hizi:

(a) Wanakijiji walipanga mifuko ya mchanga wakainua ukingo ili maji yasiingie mashambani.
(b) Ng'ombe walisimama ukingoni mwa mto wakinywa maji.
(c) Ndoo imewekwa kwenye ukingo wa kisima.
(d) Muhula wa kwanza umefika ukingoni.

Katika (a) ukingo ni kizuizi kilichojengwa na watu. Katika (b) ni kando ya mto, ambayo haikujengwa na mtu. Katika (c) ni sehemu ya mwisho ya kitu, na katika (d) ni mwisho wa muda.

Tusilichanganye neno hili na tuta. Tuta ni udongo uliorundikwa, uwe wa kupandia viazi au wa kupunguza mwendo wa magari barabarani. Tuta likizuia maji laweza kuitwa ukingo, bali si kila ukingo ni tuta.

2. Asili

Nomino hii imetokana na kitenzi kinga kwa kutanguliza kiambishi u- na kumalizia kwa -o, kama tuonavyo katika fagia – ufagio na fungua – ufunguo. Kwa hiyo, ukingo kwa asili ni kitu cha kukingia.

Kukinga ni nini basi? Mwavuli hukinga mvua, na ngao hukinga mkuki. Hapa maana ni kuzuia. Lakini twasema pia kwamba mtu amekinga maji ya mvua kwa ndoo, naye hakuyazuia bali ameyapokea. Matumizi haya mawili yanaonekana kupingana, ila yana jambo moja la pamoja: kitu kimewekwa katika njia ya kitu kingine kinachokuja. Wazo hilo hilo limo katika kingama: mti uliokingama barabarani umelala njiani ukaikata. Limo pia katika nomino kinga, tunayoikuta ndani ya jina UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini.

Sasa maana nne za hapo juu zinashikana. Kizuizi cha maji ndipo mto unapokomea. Panapokomea mto ni kando yake. Kando ni mwisho wa kitu. Na muda nao una mwisho. Uhusiano wa namna hii, ambapo neno moja lina maana kadhaa zenye asili moja, huitwa polisemia.

3. Upatanisho wa kisarufi

Ukingo umo katika ngeli ya U-ZI: ukingo huu umebomoka, kingo hizi zimebomoka. Katika wingi, kiambishi n- hakionekani kwa sababu hudondoka mbele ya k, kama ilivyo katika ukuta – kuta. Tulinganishe na ulimi – ndimi, ambapo n- imebaki.

4. Lugha jirani

Mwalimu atakayefundisha Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, atakuta wanafunzi wanaolijua shina hili kabla hajalitamka. Katika Kinyarwanda, gukinga urugi ni kufunga mlango. Umukingo ni gema la udongo, kama lile la kando ya barabara iliyochongwa mlimani. Urukingo, wingi wake inkingo, ni chanjo. Ngeli yake inalingana kabisa na ya ukingo – kingo, na n- iliyodondoka katika Kiswahili ingali inaandikwa.

Undugu huu ni msaada, lakini pia ni mtego. Mwanafunzi aandikaye *mtoto amepewa ukingo wa surua hakukosea ngeli wala upatanisho. Amechukua maana ya urukingo akaivika umbo la Kiswahili. Mwalimu akipiga mstari mwekundu tu, hajafundisha kitu. Amweleze kwamba shina ni moja, ila Kiswahili kimechagua chanjo kwa dawa, na kinga kwa ile nguvu ya mwili inayoletwa na dawa hiyo.

Jambo hili si la mtihani pekee. Mnamo Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliwaua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, na mto Sebeya ulifurika wilayani Rubavu. Tangazo lisemalo "Msilale katika nyumba zilizo ukingoni mwa mto" lina faida kwa yule tu anayelielewa neno ukingo.

5. Tahadhari

Si kila umbo linalofanana lina asili moja. Katika methali Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, kinga ni kijinga cha moto, yaani ukuni unaowaka. Neno hili limo katika ngeli ya KI-VI: kinga hiki, vinga hivi. Kinga ya mwili imo katika ngeli ya I-ZI: kinga hii, kinga hizi. Hapa tuna maneno mawili yaliyokutana katika umbo moja, na hali hiyo huitwa homonimia. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotuonyesha tofauti.

Zoezi

1. Tunga sentensi nne zenye neno ukingo, kila moja ikiwa na maana tofauti.
2. Eleza kwa nini kamusi huweka kinga (KI-VI) na kinga (I-ZI) kama vidahizo viwili, ilhali ukingo huwa kidahizo kimoja.
3. Tafuta katika lugha yako ya kwanza neno lenye shina linalofanana na kinga. Linganisha maana na ngeli yake na za Kiswahili, kisha uandae maelezo ya dakika tano kwa wanafunzi wanaolichanganya.