Udaktari au Uhandisi: Kisangani au Kampala?

Swali: Mwanafunzi wa mtaa wa Lumumba, Bunia, mkoani Ituri, Kongo, mwenye Diploma ya Serikali (cheti cha kumaliza sekondari), anapenda udaktari na uhandisi pia. Achague Chuo Kikuu cha Kisangani au Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala?

Jibu: Kongo na Uganda, kitivo cha tiba huingiwa moja kwa moja baada ya sekondari. Kwa hiyo kazi huchaguliwa kwanza, chuo baadaye.

Anayetaka kutibu wagonjwa Ituri ana sababu nzuri ya kwenda Kisangani. Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1963, hufundisha kwa Kifaransa, lugha ya hospitali na ofisi za Kongo, na shahada yake ni ya nchini.

Anayevutiwa na kutengeneza mashine za hospitali atafaa zaidi Makerere, penye shahada ya uhandisi wa tiba ya miaka 4. Udaktari huko huchukua miaka 5. Masomo ni kwa Kiingereza, na diploma ya Kongo hulinganishwa kwanza na vyeti vya Uganda.

Asiye na Kiingereza cha kutosha wala uhakika wa karo ya ugenini aanzie Kisangani.