Jifunze kurudi nyuma na tela kabla mavuno hayajaanza

Leo tuache kidogo mambo ya mbolea na viuatilifu tuzungumzie trekta, hasa kwa nyinyi vijana mlionunua la kwanza kwa mkopo au mlioungana kikundi mkanunua la pamoja.

Kulima mnajua, na wengine mnanizidi. Lakini trekta la kulima peke yake linalala miezi mingi kwa mwaka. Linaloamka na kulipa deni ni lile lenye tela: linabeba mbegu, mbolea, matofali, na mavuno yakifika linabeba magunia ya jirani zako wote. Sasa kila msimu hapa bonde la Kilombero naona jambo lilelile kwenye mashine za kukoboa mpunga. Kijana anakuja barabarani vizuri kabisa, anafika getini, hapo jasho linaanza kumtoka. Anarudi nyuma, tela linajikunja. Anasogea mbele, anarudi tena, linajikunja upande uleule. Foleni inapiga honi. Mwisho anashusha magunia nje ya geti na kuwalipa vibarua wayabebe mgongoni mpaka ndani. Faida yake ya safari nzima inaingia getini kwa miguu.

Simcheki mtu. Mimi nilikuwa mbaya zaidi, na nilimvunja mtu mkono.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Nilikuwa na stashahada ya kilimo, najua kurekebisha jembe la trekta na kupima kina cha kulima, lakini chuoni tela tulilivuta kwenda mbele tu. Siku hiyo dereva wa kikundi kimoja aliamka na malaria, mpunga uko shambani na mawingu yanajikusanya. Wakasema bwana shamba si anajua trekta? Nami kwa aibu ya kusema sijui, nikapanda.

Kwenye uwanja wa mashine kulikuwa na akina mama wameanika mpunga kwenye maturubai kushoto, ukuta uko kulia, na katikati pamebaki njia ya kuingilia chini ya paa lenye nguzo za zege. Nilipoweka rivasi tu, uwanja mzima ukageuka kuwa madereva. "Njoo, njoo, njoo! Kata kulia! Kata, kata!" Nikakata usukani kulia. Mkia wa tela ukaenda kushoto. Wakapiga kelele zaidi: "Kulia, bwana shamba!" Nikazidisha kulia. Kijana mmoja mbeba magunia, kwa nia njema kabisa, akaenda kwenye kona ya tela kulisukuma kwa bega ili linyooke. Alikuwa kati ya tela na nguzo.

Ubao wa tela ulimbana mkono kwenye nguzo ile. Mfupa ulivunjika. Alifungwa hogo, na kwa wiki sita za msimu aliokuwa anautegemea hakubeba hata gunia moja. Gharama za hospitali nililipa mimi, na sehemu ya kile alichopoteza nikamlipa, si chote. Watu walipouliza nikasema breki ziligoma. Breki hazikuwa na tatizo lolote.

Aliyenifundisha baadaye ni mzee mmoja aliyekuwa ameendesha matrekta kwenye mashamba ya miwa maisha yake yote. Nilimkuta kibarazani kwake, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Hakunipeleka kwenye trekta. Aliomba viberiti viwili. Kimoja akakichomeka njiti mbele iwe mkono wa tela, akaiunganisha ile njiti na nyuma ya kiberiti cha pili kwa uzi, ili viungo vicheze. "Haya, rudi nyuma," akasema.

Fanya na wewe leo usiku mezani. Sukuma nyuma ya kile kiberiti cha mbele kuelekea kulia. Utaona njiti inavutwa kulia, na mkia wa kiberiti cha nyuma unageuka kushoto. Ndiyo siri yote hiyo. Ukikata usukani kulia huku unarudi, tako la trekta linaenda kulia, linausukuma mkono wa tela kulia, na tela lenyewe linazunguka juu ya ekseli yake, mkia unakwenda kushoto. Waliokuwa wakinipigia kelele "kata kulia" walimaanisha mkia wa tela. Mimi nilisikia usukani. Neno moja, maana mbili.

Kwa hiyo yule mzee alinikataza kabisa maneno kulia na kushoto. Isitoshe, ukigeuka kutazama nyuma, kulia kwako kumeshabadilika, kichwa kinachanganyikiwa. Taja vitu: upande wa ukuta, upande wa mwembe, upande wa maturubai. Ukuta haugeuki ukigeuka wewe.

Halafu kuna namna ya kushika usukani ambayo kwangu ndiyo ilimaliza ubishi. Usukani wa trekta umelala, si kama wa gari dogo. Shika kwa mkono mmoja ile sehemu iliyo karibu na tumbo lako, hapo usawa wa kitovu. Sasa unataka mkia wa tela uende upande wa ukuta? Sogeza mkono huo upande wa ukuta. Unataka uende upande wa mwembe? Mkono uende upande wa mwembe. Basi. Hakuna haja ya kukumbuka kinyume cha kinyume. Hii ni kwa tela la ekseli moja, lile la magurudumu mawili ambalo wengi wenu mnalo.

Kabla ya kuweka rivasi kuna vitu vya kutazama. Matrekta mengi yana pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto na moja ya kulia. Shambani tunazitenganisha ili kukata kona fupi mwisho wa shamba. Ukishafunga tela, ziunganishe kwa komeo lake. Nimeona dereva akikanyaga pedali moja kwa hofu akiwa anarudi nyuma, trekta likazunguka ghafla kama ng'ombe aliyeguswa na nyigu. Angalia pini ya tela na kile kipini chake cha usalama. Punguza mafuta ya mkono mpaka chini. Weka gia ya chini kabisa. Kwenye Massey Ferguson nyingi na matrekta mengine utaona picha ya kobe na picha ya sungura kwenye mpini wa gia. Kwa kazi hii ni kobe tu. Mwendo uwe ule ambao mtu anayetembea pembeni anakupita bila haraka.

Na mzigo uwe umepangwa vizuri tangu shambani. Magunia yakirundikwa nyuma ya ekseli, mkono wa tela unanyanyuka, unanyanyua na tako la trekta, na matairi makubwa yanakosa mshiko. Weka uzito usogee mbele kidogo ya ekseli.

Sasa mahali penyewe. Hapa ndipo vijana wengi wanakosea: wanafika, wanasimama popote, wanaanza kupambana na usukani. Kazi kubwa inafanyika ukiwa bado unakwenda mbele. Shuka kwanza. Ndiyo, shuka, tembea kwa miguu mpaka ndani, tazama nguzo, mtaro, waya za umeme zilizoning'inia, udongo laini, na kina nani wamekaa wapi. Kisha panda, upite mbele ya mlango na ujipange ili trekta na tela vinyooke kadiri uwanja unavyoruhusu, mkia ukiwa tayari umeelekea mlangoni. Nyuzi chache za kukunja ni rahisi. Kona ya mraba kamili ukianzia sehemu mbaya ni mateso.

Anza kurudi. Mkono wa kitovuni uusogeze kidogo upande unaotaka mkia uende, halafu subiri. Tela halijibu papo hapo, linachukua hatua moja au mbili, na mgeni asiyeona jibu anazidisha usukani. Linapojibu sasa, linajibu kwa yote mawili. Tela fupi lina haraka zaidi, linajikunja kabla hujameza mate. Refu linakupa muda wa kufikiri. Ndiyo maana yule mzee alisema ukijua la fupi, la refu utalichezea.

Tela likishaanza kugeuka kama ulivyotaka, usiendelee kushikilia usukani palepale. Urudishe taratibu upande wa pili, ili trekta lianze kulifuata tela kwenye ule mkunjo badala ya kuzidi kulikunja. Hapa ndipo penye ufundi, na siwezi kukudanganya kwamba utaupata kwa kusoma. Unaupata mwilini. Mkia ukishaelekea ndani, noosha, halafu ni masahihisho madogo madogo mpaka unafika.

Tazama pengo kati ya tairi kubwa la trekta na kona ya mbele ya tela. Likiwa linapungua upande mmoja na umeshakata usukani mpaka mwisho upande wa pili bila mafanikio, simama. Hakuna usukani utakaokuokoa hapo. Ukilazimisha, tairi litachanwa na kona ya tela, au mkono wa tela utapinda, au kama tela lako ni la kumwaga, paipu ya haidroliki itakatika. Bei za vitu hivyo mnazijua. Dawa ni kusogea mbele mita kadhaa, kunyoosha, kuanza upya. Kusogea mbele ni sehemu ya kurudi nyuma. Yule mzee, na umri wake wote ule, kwenye mlango mgumu alikuwa anasogea mbele mara mbili au tatu bila kutazama nani anacheka.

Kuhusu watu. Mwelekezaji awe mmoja tu, na mkubaliane ishara kabla hujapanda, hasa ile ya kusimama, maana injini haikuachii kusikia. Asimame pembeni mahali unapomwona uso, upande ambao wewe huoni vizuri kona ya tela. Usipomwona, hata kwa sekunde moja, kanyaga klachi na breki, usubiri atokee. Wengine wote wapige kelele watakavyo, wewe humsikilizi mtu isipokuwa neno "simama". Hilo likisemwa na yeyote, hata mtoto, unasimama. Hakuna mtu nyuma ya tela. Hakuna mtu kati ya tela na ukuta, nguzo au gari jingine, hata akisema anasaidia kusukuma. Tela lenye tani za mpunga halisukumwi kwa bega. Na utingo asisimame juu ya mkono wa tela wala kukaa kwenye bawa la tairi wakati unarudi, najua mmezoea.

Mazoezi yafanyike sasa, mpunga ukiwa bado umesimama. Tafuta uwanja mpana, tela tupu. Siku ya kwanza rudi nyuma moja kwa moja mita 30 tu kufuata kamba iliyolazwa chini. Itakushinda mara nyingi, ni kawaida, kunyoosha ni kugumu kuliko kukata kona. Ukiweza, simika mambo manne yawe mlango, upana mara mbili ya tela lako, uingie kutoka mbele yake, kisha kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Kila siku sogeza mambo karibu mpaka ibaki kama nusu mita kila upande. Mwisho weka mzigo, maana tela lenye mzigo lina tabia nyingine, hasa penye mteremko. Saa moja jioni kwa wiki mbili inatosha watu wengi.

Wenye tela la magurudumu manne ambalo ekseli yake ya mbele inazunguka na mkono wake, huko viungo ni viwili na mambo yanageuka tena. Kama hujapata mtu wa kukusimamia, shusha mzigo mahali pa wazi au tafuta uwanja wa kuingia mbele na kutokea mbele. Wenye pawatila nao wana somo lao, nitaliandika peke yake, maana ile klachi ya kukatia kona ina vituko vyake kwenye mteremko.

Yule kijana mkono ulipona. Siku hizi ni dereva wa trekta palepale, na mimi ananiita "bwana shamba wa rivasi" mbele za watu. Ilinichukua miaka miwili kumwambia kwamba breki hazikugoma. Alikuwa anafunga turubai la mzigo, hakugeuka hata kunitazama. Akasema alijua tangu siku ile, maana alipokuwa anasukuma aliona gurudumu la mbele likizidi kukatika kulia. Kisha akaniambia nishike kamba upande wa pili.