Masikio Hayana Spea! Chagua Iyafoni kwa Akili

Najua wewe ni mpenzi wa muziki. Huenda shuleni kwenu simu hairuhusiwi, lakini likizo ikifika tu, waya zinatoka mfukoni, iyafoni masikioni, na dunia nyingine inasahaulika. Hakuna ubaya! Muziki unaburudisha na unapunguza mawazo. Lakini umewahi kujiuliza: iyafoni hizi nilizichagua kwa kigezo gani? Rangi? Bei? Au kwa sababu muuzaji alisema "hizi zina besi balaa"?

Leo tujifunze namna ya kuchagua iyafoni na kuzitumia bila kuharibu kitu ambacho hakiuzwi Kariakoo wala popote pale: usikivu wako.

TULIKOTOKA

Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza Walkman, mashine ndogo ya kaseti ya kutembea nayo. Ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili marafiki wawili wasikilize pamoja. Zikafuata mashine za CD, halafu za MP3. Leo tuna simu na vile vimashine vidogo vya memori kadi. Mashine zimebadilika sana, lakini sikio ni lile lile.

SIKIO LINAFANYAJE KAZI?

Sauti inaingia tunduni, inatikisa ngoma ya sikio, mtikisiko unapita kwenye vifupa vitatu vidogo sana, kisha unafika sikio la ndani, lenye umbo kama la konokono. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinywele vidogo mno. Seli hizo ndizo zinazougeuza mtikisiko kuwa taarifa inayokwenda kwenye ubongo.

Fikiria nyasi za uwanja wa mpira wa shule. Zikikanyagwa siku moja, huinuka. Zikikanyagwa kila siku, mbele ya goli panabaki udongo mtupu. Vinywele vya sikio ni hivyo hivyo, ila kuna tofauti moja kubwa: nyasi zinaweza kuota tena mvua ikinyesha. Seli za sikio la binadamu zikifa, hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Na zinazoanza kufa ni zile za sauti nyembamba. Ndiyo maana mtu anasema "nasikia vizuri tu", kumbe herufi kama s, f na sh zinampita. Mwalimu anasema "shika", yeye anasikia "fika". Darasani anaonekana mzembe au mkaidi, kumbe hasikii sawasawa!

HESABU YA KELELE

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Vyombo vingi vya muziki vikifunguliwa hadi mwisho vinaweza kuvuka 100. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke viwango hivi kwa WIKI nzima:

- Desibeli 80: saa 40
- Desibeli 90: saa 4
- Desibeli 100: dakika 20 hivi

Kwa watoto kiwango ni cha chini zaidi: desibeli 75 kwa saa 40. Kwa hiyo usimvishe mdogo wako iyafoni kwa sauti unayoipenda wewe.

Umeona hapo? Kutoka 80 hadi 90 umeongeza desibeli 10 tu, lakini muda umepungua mara kumi! Sababu ni kwamba kila ukiongeza desibeli 3, nguvu ya sauti inakuwa maradufu. Sasa gawanya dakika 20 kwa siku 7. Unapata chini ya dakika 3 kwa siku. Hata wimbo mmoja hauishi!

Mwaka 2022 shirika hilo lilieleza kwamba zaidi ya vijana bilioni moja duniani, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wamo hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo hili siyo jambo la wazee.

AINA TATU ZA IYAFONI

1. Za kuning'inia mlangoni mwa sikio. Ni rahisi kuvaa na mara nyingi bei yake ni ndogo. Tatizo: hazizibi, kelele za nje zinaingia. Ukipanda daladala, injini inanguruma, konda anapiga debe, nawe unapandisha sauti ili uishinde kelele. Hapo ndipo hatari ilipo.

2. Zenye vifuniko laini vya mpira vinavyoingia tunduni. Zikikukaa vizuri zinapunguza kelele za nje, hivyo unaweza kusikiliza kwa sauti ya chini. Lakini zisipokutosha hazina faida hiyo.

3. Hedifoni za kufunika sikio zima. Zinazoziba vizuri ni nzuri kwa nyumbani. Nyingine zina umeme wa kupunguza kelele za nje, ila hizo ni ghali.

Kumbuka kanuni moja: IYAFONI NZURI NI ILE INAYOKUWEZESHA KUSIKIA MANENO YA WIMBO KWA SAUTI YA CHINI. Siyo ile inayopiga kelele kuliko zote.

UKIFIKA DUKANI

Muuzaji kwa kawaida atafungua sauti hadi mwisho ili usikie "mziki mnene". Mwambie kwa heshima, "Kaka, naomba nijaribu kwenye simu yangu." Halafu fanya hivi:

- Weka wimbo unaoujua vizuri, na uanze na sauti ya chini kabisa. Maneno yanasikika wazi? Au besi imeyameza?
- Angalia alama. L ni sikio la kushoto, R ni la kulia. Pande zote mbili zitoe sauti sawa. Upande mmoja ukiwa dhaifu, utapandisha sauti na kuliumiza sikio la upande wa pili.
- Pinda waya taratibu karibu na pini. Sauti ikikatikakatika, hizo achana nazo.
- Tazama pini yenyewe. Yenye pete mbili nyeusi haina maiki. Yenye pete tatu mara nyingi ina maiki ya kuongelea. Na kumbuka, simu nyingine za siku hizi hazina tundu la pini.
- Kama ni za mpira, jaribu vifuniko vya saizi zote. Kwa mkono mmoja vuta sikio juu kidogo, kwa mwingine ingiza iyafoni. Sasa ongea. Ukisikia sauti yako inavuma kichwani, zimeziba vizuri.

Usidanganyike na boksi linalometameta. Bei kubwa siyo kinga: iyafoni ya bei mbaya ikifunguliwa hadi mwisho inaua seli kama ile ya bei poa.

UKIFIKA NYUMBANI

Usipandishe sauti zaidi ya asilimia 60. Kama simu yako ina ngazi 20 za sauti, mwisho wako ni ngazi ya 12. Baada ya kila saa moja, yapumzishe masikio. Na kama mtu aliye umbali wa mkono mmoja anaongea kawaida nawe humsikii, punguza!

Barabarani zitoe kabisa. Bodaboda haisubiri wimbo uishe.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali: Nikiazima iyafoni za rafiki, naweza kupata UKIMWI?
Jibu: Hapana. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa iyafoni. Ila vijidudu vinavyosababisha maambukizi ya sikio vinaweza kuhama. Ni bora kila mtu awe na zake. Ukilazimika kuazimana, futeni kwanza kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo, ziache zikauke. Anayetokwa na usaha sikioni asivae, aende hospitali.

Swali: Nikitoka disko masikio yananilia kama nyenje. Asubuhi yanaacha. Nimepona?
Jibu: Hiyo ni kengele ya hatari. Vinywele vilielemewa. Ukirudia mara kwa mara, ipo siku mlio hautaacha. Ukidumu zaidi ya siku moja au mbili, au masikio yakiziba, muone daktari. Usikivu ukipotea ghafla, nenda siku hiyo hiyo.

Swali: Natoa nta kwa njiti ya kiberiti ili nisikie vizuri zaidi. Sawa?
Jibu: Acha! Unaisukuma ndani na unaweza kutoboa ngoma ya sikio. Nta ni kinga. Safisha nje tu.

JIPIME

1. Simu ya Asha ina ngazi 30 za sauti. Asivuke ngazi ya ngapi?
2. Kweli au si kweli: seli za sikio zikifa, zinaota tena ukipumzika.
3. Ukipanda daladala yenye kelele, ufanye nini: upandishe sauti, au usubiri ushuke?

Majibu: (1) Ngazi ya 18. (2) Si kweli. (3) Subiri. Kama iyafoni zako zinaziba vizuri, sikiliza kwa sauti ile ile ya nyumbani.

Sasa kazi ni kwako. Leo jioni, ukiwa mahali patulivu, tafuta ngazi ya chini kabisa ambayo unasikia maneno ya wimbo uupendao. Iandike kwenye daftari lako. Hiyo ndiyo ngazi yako. Kisha mfundishe na mwenzako, maana ukiwa na miaka 50 bado utataka kusikia muziki, na sauti za wajukuu wako pia!